Cheti Chako na Akina Mwanahawa Wawili

Kilwa Masoko, Jumamosi jioni

Idrisa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hawatakuachilia mpaka kila mmoja akulishe. Nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Habari za nauli, za kula, za kufua na za kuchagua marafiki sitaziandika. Bibi yako amekwisha kuzisema zote, na nyingine amezirudia kwa sababu machoni pake bado hujui hata kufunga kamba za viatu. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kifuani tangu mchana uliponiita nije nitazame kioo cha kompyuta yako.

Ulikuwa na furaha, nami sikutaka kuiharibu. Ulinieleza kwamba kampuni ya Dar iliyokuajiri imepewa kazi ya kusafisha kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati na vituo vya afya vya huku kwetu. Mtu aliyeandikwa mara mbili aunganishwe, awe mmoja. Programu ya kuwaunganisha umeiandika wewe, hapa hapa nyumbani, hata kabla hujaripoti kazini, na Jumatatu utakapofika ofisini wataiendesha. Ukawa unateremsha orodha kwa kidole: watu waliokuwa wawili na sasa ni mmoja, kijiji baada ya kijiji. Nikaona jina la Mwanahawa Mpili wa Pande likipita.

"Wamo," nikasema.

"Nani?"

"Mwanahawa. Umewafanya mtu mmoja."

Ulicheka kidogo, bila ubaya. "Aa, mama, hao nitawatoa kwa mkono. Wewe niandikie majina ya wote unaowajua, nawatoa dakika moja."

Bibi yako akaita chakula, tukaenda kula. Lakini hayo maneno yako, majina ya wote ninaowajua, ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Habari ya Mwanahawa unaijua. Umekua nayo, na ulipokuwa sekondari uliniomba nikome kuisimulia mbele ya wageni. Ila nadhani siku zote umeisikia kama habari ya mama yako kukosea. Leo naomba uisome kama habari ya mama yako kupatia.

Nilikuzaa nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita. Nikakuacha kwa bibi yako kule Tingi, nikaenda chuo, nikarudi na shahada ya kompyuta ambayo haikunifungulia mlango hata mmoja. Kilichonifungulia ni cheti, cha mtihani wa aina hii hii uliofanya wewe. Niliufanyia Dar es Salaam, katika chumba chenye kiyoyozi kilichonigandisha vidole, nikapata alama za juu kuliko wote tuliokaa siku ile. Sikuwa na mjomba ofisini wala jina la ukoo linalojulikana. Nilikuwa na karatasi ile, na kwa sababu yake wanaume walionizidi umri waliniuliza swali na kunyamaza wakisubiri nijibu. Kwa hiyo usinisikie vibaya. Wengi wanaosema vyeti si kitu ni watu waliokuwa na njia nyingine ya kuingia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kama hii yako, ndogo zaidi, vituo vichache tu. Katika mtihani kulikuwa na swali ambalo hata sasa naweza kulisema bila kulitazama. Kumbukumbu mbili zina jina moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, makazi mamoja na namba moja ya simu, lakini zinapingana mahali pamoja. Ufanyeje? Majibu yalikuwa manne. La pili lilisema: ziunganishe, na pale zinapopingana ibaki taarifa ya karibuni zaidi. Nilichagua la pili. Lilikuwa sahihi. Nikaenda kazini nikaandika programu iliyofanya hivyo hivyo.

Sasa fikiria nyumba ya mzee Mpili kule Pande. Watoto wake wawili wa kiume walioa karibu wakati mmoja, wake zao wakajifungua watoto wa kike msimu mmoja wa korosho. Kila ndugu akampa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama kila mtu afanyavyo huku. Hakuna aliyeona tatizo. Nyumbani mmoja aliitwa Mkubwa na mwingine Mdogo, wakalelewa na babu yao, na shuleni wote wawili wakaandikwa kwa jina lake. Siku zao za kuzaliwa hazikujulikana, wakaandikiwa Januari mosi, kama nusu ya watu wa wilaya hii. Simu ya nyumba ilikuwa moja, ya babu. Jina, mwaka, kijiji, simu. Mkubwa na Mdogo ni majina ya uani, hakuna anayekwenda kuyataja dirishani kwa mtu wa mapokezi.

Mdogo alipokuwa msichana alipewa dawa yenye salfa, akavimba midomo. Ikaandikwa kwamba ana mzio, asipewe tena. Mkubwa alikuwa hana tatizo lolote, naye alikuwa ametoka kliniki siku za karibuni. Programu yangu ilipowakuta iliwaunganisha, na zilipopingana ikabakiza taarifa mpya. Kwa kufuata jibu la pili, Mdogo akawa mtu asiye na mzio.

Akaja kliniki na mimba yake ya kwanza. Muuguzi aliyeijua nyumba ile alikuwa amehamishwa, na aliyekuja alikuwa mgeni, mwenye heshima, mwenye haraka, foleni imefika nje. Akamtolea vidonge vya kuzuia malaria, vile wanavyopewa wajawazito, navyo vina salfa. Mdogo alinisimulia mwenyewe walivyosemezana, na hakuwa amekasirika.

"Nilimwambia, dada, mimi kuna dawa zinanidhuru."

"Akasema?"

"Akageuza kioo kile nikione. Akasema, mama, hapa panasema huna. Nikajiona mjinga. Nikanywa."

Yaliyofuata unayajua, na miwani yake myeusi umeizoea tangu utoto. Ngozi ilimtoka. Mimba haikufika. Macho yalipona nusu, na mwanga wa jua mpaka leo unamuuma.

Kuna sehemu moja ambayo sijawahi kukusimulia vizuri, kwa sababu sikuwa naielewa vizuri. Walituita, mimi na mkuu wangu, kwenye kikao cha kuchunguza yaliyotokea. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kufukuzwa, na nikisema kweli, nikitamani kufukuzwa. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mtu mpole. Akauliza, aliyefanya kazi hii alikuwa na sifa? Mkuu wangu akasema ndiyo, ana cheti, nakala hii hapa. Akauliza, alifuata utaratibu unaokubalika? Mkuu wangu akasema ndiyo. Mwenyekiti akafunga faili. "Basi kwa upande wetu hakuna uzembe," akasema, na wakaleta chai.

Nilikunywa chai ile, Idrisa. Kilichonitisha hakikuwa kwamba cheti changu kilikuwa cha uongo. Kilikuwa cha kweli, nilikisomea, na kila nilichojibu nilikijua. Kilichonitisha ni kwamba kilifanya kazi yake barabara. Kilinisafisha mimi, kikawasafisha walioniajiri, kikamsafisha na yule muuguzi, mpaka kikao kikaisha bila kumwona mtu yeyote aliyemtoa Mwanahawa ngozi. Niliacha kazi ile mwenyewe. Bibi yako alidhani nimerogwa.

Utaniuliza, kama nilijua hayo, kwa nini nilikusomesha mitihani ile ile. Nimejiuliza mimi kwanza. Nilikaa nawe kwenye meza hii hii tukipitia maswali ya miaka ya nyuma, nikakufundisha kunusa jibu. Nilikwambia jibu refu mara nyingi ndilo, na kwamba lenye neno "daima" ulikimbie. Ulikuwa mwepesi kuliko mimi. Nilifanya hivyo kwa sababu barua pepe ya kijana wa Kilwa asiye na cheti haifunguliwi, na nilitaka ifunguliwe. Nikaona nitakufundisha kupita kwanza, hayo mengine baadaye. Baadaye ndiyo leo, na kesho alfajiri una basi.

Nakumbuka siku ulipofanya mtihani chumbani kwako, yule msimamizi akikutazama kwa kamera kutoka nchi sijui gani. Alikutaka uzungushe kompyuta aone kuta zote nne na chini ya kitanda. Katikati ya mtihani bibi yako akaingia na bakuli la uji.

"Mume wangu, utasoma na njaa?"

Kompyuta ikasema kuna mtu wa pili chumbani, aondoke au mtihani unafutwa. Ukamsukuma bibi wa watu taratibu mpaka mlangoni, naye akawa anasema kwa sauti, "Mwambie huyo mzungu mimi sijui hata swali, nimeleta uji tu." Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sasa naona ni kwa nini. Ule mtihani ulikupima ukiwa peke yako, mlango umefungwa, huna wa kumuuliza. Ukijibu hivyo unapata alama zote. Na kazi yetu hii, mtu akiifanya akiwa peke yake, mlango umefungwa, hana aliyemuuliza, ndipo inapoumiza watu.

Sisemi hukujifunza kitu. Najua unachojua. Nimeisoma programu yako wakati unaoga, na ni safi kuliko niliyoiandika mimi. Nimeona ulivyojilinda dhidi ya majina yaliyokosewa herufi, na ulivyohakikisha ikikatika katikati hakuna kinachopotea. Mtihani ule unaweza kupima hayo na umeyapima vizuri. Ila kila swali lake lilikuja na jibu ndani yake. Lilikuwepo tayari miongoni mwa manne, limeandikwa na mtu anayelijua, kazi yako ni kulitambua. Nyumba ya mzee Mpili haikuwemo katika manne yale, na isingeweza kuwemo, kwa sababu aliyetunga swali hajawahi kuishi mahali ambapo ndugu wawili wanampa heshima mama yao kwa msimu mmoja. Hata mimi niliyezaliwa Tingi, mwenye jina la bibi yangu, nilipokaa kwenye chumba kile cha baridi niliisahau Tingi. Hilo ndilo linalonirudia. Nilikuwa ninajua. Mtihani haukuniuliza, nami nikajifunza kutojiuliza.

Na kuna ile simu ya juzi. Uliiweka kwenye spika ili nami nimsikie bosi wako, unajivuna, na nilifurahi nawe mpaka aliposema lile neno.

"Dogo, ripoti ya mwisho itakuwa na sahihi yako, sawa? Mteja anataka mtu mwenye cheti, na kwenye timu ni wewe tu."

"Sawa, kaka. Hakuna shida."

"Sisi wengine tupo nyuma yako."

Ulikata simu ukinitazama nikupongeze. Nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta. Una miaka ishirini, hujafanya kazi hata siku moja, na katika ofisi nzima ya watu wenye ndevu wamekuta kwamba jina linalofaa kuwa chini ya karatasi ile ni lako. Umeliona hilo kama heshima. Mimi niliona kile kikao, na chai, na faili likifungwa.

Leo mchana Mwanahawa Mdogo alipokuletea samaki wa kukaanga wa safarini, ulimwambia mwenyewe, kwa uungwana, kwamba ameonekana kwenye orodha na utamtoa. Akaketi kwenye mkeka, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Yaani mwanangu, umeniua tena?"

"Hapana, shangazi, nimekuunganisha tu."

"Mama yako naye aliniunganisha. Kila mwenye kompyuta katika nyumba hii akinishika, nabaki nusu."

Bibi yako akacheka mpaka akakohoa. Wewe ulicheka pia, ukainama ukafungua kompyuta, ukamtoa yeye na Mkubwa mbele yake, na akakushukuru, akakuombea dua. Nilikuwa nakutazama usoni. Niliona uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikakuuliza hao wengine je. Ulinijibu kwa subira, kama unavyomjibu mtu mzima asiyeelewa. Ulisema huwezi kuuliza kila nyumba. Ulisema ukikaza masharti ya kuunganisha, wale ambao kweli wameandikwa mara mbili watabaki wawili, na hao nao wanaumia, wanapewa dawa mara mbili, na hilo ni kweli. Ulisema makosa yatakuwa machache sana. Nikakwambia basi wakatalie Jumatatu, waambie isiendeshwe mpaka orodha ipelekwe vituoni watu waulizwe. Hapo ukaacha kusuuza.

"Nikikataa, mama, watamweka mwingine mwenye cheti. Itaendeshwa tu. Mimi nitakuwa nimepoteza kazi, na hao watu wataunganishwa vile vile."

Ukanipa sahani niifute.

Nimelitafuta jibu jioni hii yote, na sitakudanganya kwamba nimelipata. Huenda una haki. Huenda wataleta kijana mwingine ambaye hajui Pande iko upande gani, akatia sahihi, na kikao kikija wakatoa nakala ya cheti chake. Ninachojua ni kidogo. Najua kwamba hakuna mtu aliyeniambia mimi kabla. Kama mtu angesimama mbele ya meza yangu akasema, huku akina Mwanahawa ni wawili katika kila nyumba, ningekasirika, ningesema anachelewesha kazi, lakini nisingeweza tena kusema sikujua. Wewe ndiye mtu pekee katika ofisi ile atakayeingia Jumatatu akijua. Ukiwaambia kwa mdomo watasahau. Ukiandika, kwa jina lako, kabla ya kuendesha, atakayetia sahihi baada yako atakuwa anatia sahihi juu ya maneno yako. Hakuna swali la mtihani linalopima kama mtu anaweza kufanya hivyo akiwa na miaka ishirini, wiki ya kwanza, kaka zake wakimtazama. Mimi umri wako nisingeweza. Nasema hivyo si ili uniridhishe. Nasema kwa sababu najua itakavyokuwa ngumu, na sitaki udhani ni wewe tu.

Wakikurudisha, rudi. Chumba chako sitampangishia mtu. Bibi yako atafurahi mno, atasema alijua watu wa Dar hawakukustahili, na mimi nitakaa nawe tena mezani na safari hii hatutafungua maswali ya zamani.

Usinipigie Jumatatu kunieleza ulichoamua. Najua sauti yako, na sitaki uipange kwa ajili yangu. Mwanahawa ana mimba, ya miezi mitano sasa, alitaka ukishaondoka ndipo aseme kwa sababu anaogopa macho ya watu. Jumanne ni kliniki yake na ameniomba nimsindikize. Yeye nimemwondolea hofu, umemtoa kwa mkono wako, kioo kitasema kweli. Nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Halafu sitaondoka. Nitabaki nimtazame mwanamke atakayeingia baada yake, ambaye simjui jina, akiambiwa na muuguzi, mama, hapa panasema huna.

Mama yako,
Zuhura